Quabbenloh wa Mwisho

Kila mwaka posta ilipoleta kitabu kipya cha simu, Walburga Quabbenloh alikifungua kwenye herufi ya Q hata kabla hajakausha mikono. Jina lake alilikuta pale pale, mstari mmoja tu, limebanwa kati ya akina Quabeck watatu na Quante muuza matairi. "Mmoja," alisema kwa sauti, utadhani kuna aliyemuuliza, kisha akarudi kwenye viazi vyake. Akina Müller wanajaza kurasa hadi unachoka kufunua. Yeye alikuwa mmoja, na hilo lilimpa fahari na kumuuma kwa wakati ule ule.

Maana ya jina hilo huku Dernbrock, kijijini kwetu Ujerumani, kila mtu anaijua. Quabbe ni ardhi tepetepe, ile ukiikanyaga inatetemeka chini ya kiatu. Loh ni kichaka cha miti. Mtu wa kwanza alijenga kando ya kichaka kilichoota penye matope kama hayo, na nyumba ikachukua jina la mahali. Matope yalikwishakaushwa zamani na sasa panalimwa mahindi ya ng'ombe, lakini jina lilibaki na nyumba. Kwetu nyumba ndiyo inayompa mtu jina. Mwanamume akioa binti wa shamba na kuhamia kwake, kesho yake tu mwoka mikate anamwita kwa jina la shamba, na tarishi naye vivyo hivyo. Mzee Brüning wa pale kona, cheti chake kimeandikwa Feldhues. Nenda kamuulizie Feldhues, utaambiwa mtu huyo hatumjui.

Walburga alikuwa na kaka mmoja, Alfons. Alfons akaenda vitani Urusi, na mwaka arobaini na nne ikaja barua. Mama yao alikuwa amekwisha kufariki. Baba yao, Bernhard, aliisoma ile barua akiwa amesimama, akaikunja, akatoka kwenda kulisha nguruwe. Usiku wa mazishi yasiyo na maiti alimwambia bintiye wa miaka kumi na mitatu, "Sasa jina liko mikononi mwako." Mtoto wa watu akalipokea, na tangu siku hiyo hakulitua.

Baada ya vita wakimbizi walikuja kutoka mashariki, treni kwa treni. Serikali iliwagawa kwenye mashamba, na wenye mashamba waliwapokea kwa nyuso za mtu aliyeonja siki. Bernhard alipewa wawili, mjane Hantke na mwanawe Alois, watu wa Silesia. Aliwaweka kwenye chumba cha juu ya zizi, ambako harufu ya samadi ilipanda kupitia nyufa za mbao. Walikuwa Wakatoliki kama sisi na walijua kukamua kama sisi, lakini kanisani walikaa benchi la nyuma miaka na miaka bila mtu kuwasogezea nafasi. Haya tuyaseme tu, kwa sababu ni kweli, na wengine wetu tungali hai.

Alois alikuwa na miaka kumi na minane alipofika. Alirekebisha pampu iliyowashinda mafundi wawili. Aliimba akikamua, na ng'ombe, hata yule mkaidi mwenye pembe moja, walitulia. Walburga alianza kupata shughuli nyingi sana zizini, mpaka vijakazi wakawa wanachekana.

"Burga, umesahau ndoo tena?"

"Nimesahau."

"Ya ngapi leo? Utatumaliza kwa ndoo."

Mwaka hamsini na nne Alois alisema anataka kumwoa. Walburga alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na furaha ilimjaa hadi akashindwa kula. Alikwenda kwa baba yake jikoni, wakati mzee anajikatia nyama ya paja iliyofukizwa moshi.

"Baba, Alois anataka kuja kuzungumza nawe."

Mzee hakuinua macho. "Ameshakuja, jana. Ukiolewa na Hantke, wewe utaitwa nani?"

Walburga alijua jibu. Sheria ya wakati ule haikuwa na mjadala: mke alichukua jina la mume, basi.

"Watu watamwita Quabbenloh, Baba. Wewe mwenyewe Feldhues unamwita Brüning."

"Watu!" Bernhard aliweka kisu chini. "Na serikali je? Na jiwe la kaburi je? Miaka mia nne jina hili limetoka kwa baba kwenda kwa mwana, damu moja, halijakatika hata mara moja. Alfons amelifia. Wewe unataka kulitupa kwa ajili ya kijana anayejua kuimbia ng'ombe?"

Lile la Alfons ndilo lililomvunja. Angeweza kubishana na sheria, angeweza hata kubishana na baba. Na kaka aliyelala mahali pasipojulikana, asiye na kaburi wala mtoto, angebishana naye vipi? Alilia usiku na mchana. Siku ya tatu alimfuata Alois bustanini, aliyekuwa akiokota matufaa yaliyodondoka.

"Siwezi," alimwambia. "Ni jina, Alois. Nisamehe. Ni jina tu."

Alois alimtazama, tufaa mkononi. "Jina," alisema.

"Ndiyo."

"Basi. Kama ni jina." Alilitia tufaa kapuni polepole, kama mtu anayeogopa kulichubua. Mwezi huo huo alihama na mama yake kwenda Beckum, kwenye kiwanda cha saruji.

Miaka miwili baadaye Bernhard mwenyewe alimleta mchumba mezani, Heinrich, mtoto wa pili wa akina Schulze Dieckhoff, wenye hekta themanini na trekta mbili. Walinywa pombe ya ngano, wakala keki. Heinrich alipoondoka Walburga aliuliza, "Na jina je, Baba? Si nitaitwa Schulze Dieckhoff?"

"Ah," alisema mzee, "hayo tutayaona."

Hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Mimi ningekuwepo ningemshika mabega nikamtikisa. Lakini Walburga alidhani baba anampima, na isitoshe, hakuona atawezaje kumpa Heinrich kile alichomnyima Alois kwa sababu ya jina. Alimkataa, akajiona amekuwa mwaminifu kwa wote wawili, kwa Alfons na kwa Alois. Hakuja mwingine. Bernhard alizidi kuwa mkimya, akafa mwaka sitini na tisa, na bintiye alimvalisha suti ya kanisani kwa mikono yake. Aliuza ng'ombe mmoja mmoja, akakodisha mashamba, akabaki na kuku na nyumba ya vyumba kumi na viwili.

Mwaka sabini na sita sheria ikabadilishwa. Aliisoma gazetini asubuhi moja akiwa na kipande cha mkate mweusi mkononi: wanaooana wanaweza kuchagua jina la mume au la mke. Habari ilikuwa fupi, chini ya bei za nguruwe. Aliisoma mara nne. Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Alikwenda kukaa bandani kwenye kigoda cha kukamulia, na hakuwa na ng'ombe wa kukamua.

Vuli ile ile, kwenye gulio la mifugo, alikutana na Alois uso kwa uso. Alikuwa na mke, mwanamke mnene mwenye macho ya huruma, na binti anayekula lozi za sukari. Walisalimiana kwa mikono. Mke alipogeuka kununua kitu, Alois alisema, "Wamebadilisha sheria. Umesoma?"

"Nimesoma."

Alimwangalia kana kwamba anasubiri neno jingine. Walburga alihisi uso unawaka, hakujua aangalie wapi, akasema kuwa atachelewa basi. Basi lilikuwa la saa moja baadaye.

Ikapita miaka mingine mingi, ya kuku na misa na kitabu cha simu. Akiwa na miaka sabini na mitatu alipigiwa na mwanamke wa chuo kikuu cha Münster, Ilsabe Drost, aliyekuwa anakusanya majina yanayotoweka.

"Mwaka elfu moja mia nane na tisini mlikuwa kumi na wanne," alisema yule mwanamke kwenye simu. "Kabla ya vita, sita. Sasa namwona mmoja tu, nchi nzima."

"Unazungumza naye," alisema Walburga.

Alikuja siku ya Alhamisi, mchangamfu, mwenye nywele fupi. Walburga alitoa vikombe vya wageni na keki ya siagi, akamweleza habari ya matope na kichaka, na ya baba kwenda kwa mwana kwa miaka mia nne. Ilsabe aliandika, kisha akauliza kama kuna karatasi zozote za zamani. Kulikuwa na jalada la baba kabatini, limefungwa kwa kamba. Bernhard alisema daima kuwa ni mambo ya mipaka ya shamba, na Walburga, mtiifu hata kwa maiti, hakuwahi kulifungua.

Ilsabe alifungua kamba. Mipaka haikuwemo. Kulikuwa na fomu ya ukoo, zile za kabla ya vita, enzi serikali ilipopima watu kwa damu, ambapo kila mtu alilazimishwa kwenda ofisi ya parokia kunakili mababu zake.

"Lo, hii ni hazina," alisema Ilsabe. "Tazama hapa. Mwaka elfu moja mia nane kumi na tisa. Johann Bernd Tillkamp, kibarua, hana ardhi. Amemwoa Anna, binti wa shamba, na tangu ndoa anaitwa Quabbenloh. Na hapa tena, mwaka elfu moja mia saba sitini na moja, mwanamume mwingine wa kuja. Na hapa. Jina lenu limepita kwa wanawake mara tatu, Bibi Quabbenloh. Zamani ilikuwa kawaida kabisa, na vitabu vya kanisa viliikubali."

Walburga alivaa miwani. Hakuangalia majina. Aliangalia mwandiko, ile K iliyolala na ile herufi ya mwisho yenye mkia, mwandiko uliomwandikia ruhusa za shule.

"Hii ameandika baba yangu," alisema. "Mwaka gani?"

"Thelathini na sita. Ameweka sahihi hapa chini."

Yaani miaka kumi na minane kabla ya ile asubuhi ya jikoni. Bernhard alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba babu wa babu yake alikuwa kibarua asiye na kitu, aliyepokewa na binti wa shamba na kupewa jina. Kisha akamtazama mtoto wake usoni, akamtaja na marehemu Alfons juu yake, akadanganya. Mimi nimewajua wazee wagumu wengi, lakini hili sijui niliweke wapi moyoni. Ilsabe alimwona mwenyeji wake amebadilika rangi, akauliza kama anaumwa. Walburga alimwomba kitu kimoja: anaporudi, ampitishe Beckum.

Alois alikuwa mjane, anaishi kwa bintiye Monika. Walimkuta kwenye veranda akimenya maharage mapana. Ilsabe alikuwa na akili ya kubaki garini.

"Burga," alisema Alois, kana kwamba Walburga huja kila Alhamisi. "Kaa."

Alikaa. Hakuvua hata koti. "Alois, nimekuja kukuambia kitu. Baba alidanganya. Jina halikuwahi kwenda kwa damu. Lilikuwa linapokea wanaume wa kuja tangu zamani, vibarua, na yeye alijua, aliandika mwenyewe. Tatizo halikuwa jina. Hakukutaka wewe."

Alois alimenya ganda moja, akamenya jingine. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Aliniambia. Siku niliyokwenda kukuposa, pale zizini. Alisema mkimbizi hatakaa kichwani mwa meza yake, hata serikali ikimletea kwa barua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, Burga? Siku nne baadaye ukaja bustanini ukasema ni jina. Mimi natoka kutukanwa na baba yako waziwazi, kisha nakusikia wewe unasema ni jina." Alitabasamu kidogo, bila uchungu, na hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. "Nikajua na wewe ni vile vile. Hutaki mtu wa juu ya zizi, ila una adabu kuliko mzee, umenitafutia neno la heshima. Nilikushukuru kwa hilo. Hata walipobadilisha sheria nilikuuliza, nikakuona umeona haya. Nikasema moyoni, mwache, usimwaibishe."

"Mimi nililiamini," alisema Walburga. Sauti ilitoka ndogo, ya msichana. "Alois, mimi nililiamini lile jina."

Mikono ya mzee ilisimama juu ya bakuli.

"Ningekuja nawe," alisema Walburga. "Ungeniambia alichosema, ningetoka siku ile ile na nguo nilizovaa. Ningeitwa Hantke. Ningeitwa chochote."

Machozi yalimshuka Alois hadi kidevuni bila yeye kuyafuta. Aliweka bakuli chini, akanyoosha mkono juu ya meza. Walburga aliushika kwa mikono yake miwili. Ulikuwa na madoa ya uzee na kovu refu kwenye kidole gumba, na ilimbidi aulize kovu lile lilitokana na nini.