Mboga Iliyokosa Ukali

Utotoni mwangu, kule Msanzi, mvua zilipokaribia kwisha nilikuwa naenda na Bibi chemchemini kuchuma mboga kali. Ni mmea mfupi unaopenda tope. Majani yake madogo yamepangana mawili mawili kwenye kikonyo, la nchani likiwa kubwa kuliko yote, na maua yake meupe yana petali nne. Vile vitumba vyake vyembamba vya mbegu, vikikomaa, ukivigusa vinapasuka na kukurushia mbegu usoni. Mimi nilikuwa navigusa makusudi.

Bibi hakuwa na mchezo kwenye mboga. Alichuma juu ya chemchemi tu, si kule chini walikokunywa ng'ombe, na kabla ya kujaza kapu alitafuna jani moja. Lisipowasha ulimi, si lenyewe, tupa. Lakini alikuwa na imani nyingine, aliyoachiwa na mama yake: mboga ikimwasha mwenzako na wewe usihisi kitu, waliotangulia wanakuita, anza kuaga watu wako.

Mwaka mmoja alikuwa amekonda, anakohoa tangu Kwaresima. Alitafuna jani, akatafuna jingine. Kisha akanipa mimi.

"Inawasha?"

Iliniwasha mpaka machozi yakanilenga. Nilijua vizuri anachouliza. Nilikuwa na miaka tisa, na yeye ndiye aliyekuwa ananilea. Wazazi wangu walikuwa kijiji cha Wampembe, kule ziwani, Baba, mwana pekee wa Bibi, akivua dagaa. Nikaona nikisema haiwashi, hatakufa.

"Haiwashi, Bibi."

Akanitazama kidogo, akamwaga yale machache ya kapuni majanini. Akasema basi tumekosea mmea, macho yake yameshaisha. Njiani akaniambia alikuwa anafikiria kumwita Baba, ila kumbe hakuna haraka, acha amalize msimu wake. Nilifurahi. Mungu anisamehe, jioni ile niliruka kamba.

Hazikupita wiki mbili akafariki. Baba alifika kaburi limeshafukiwa. Kwa miaka mingi alikuwa akiuliza kwa nini mama yake hakumwita, na mimi niko pale pale, nimenyamaza. Siamini kwamba mboga inaita watu. Najua mgonjwa hupoteza ladha. Ila Bibi alikuwa na njia yake ya kujua siku zake zimekaribia, nami nilimnyang'anya, na Baba nikamnyang'anya mama yake. Nilifanya hivyo kwa kumpenda, na bado inaniuma.

Mwaka jana Baba, sasa mzee na mgonjwa, nikiwa naye hapa Sumbawanga, aliniomba nimpeleke Msanzi, chemchemini. Akachuma jani, akatafuna. Akanipa na mimi.

"Inawasha?"

"Inawasha, Baba. Inawasha sana."

Hapo hapo, nikilia, nikamweleza na la Bibi. Alikaa kwenye nyasi muda mrefu, kofia yake magotini. Kisha akaniambia niwapigie simu wadogo zangu, nianze na aliye mbali zaidi.