Sekunde Kumi na Mbili za Mvua

Ndanu Kaloki alikuwa na miaka ishirini na sita alipoambiwa atengeneze mvua. Ilikuwa Julai 2005, mjini Machakos, katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Mwenye ofisi, Muiruri, alikuwa ametoka Murang'a miaka mingi kabla, akafungua kazi ya kuchapisha kadi za harusi na mabango. Ndanu ndiye pekee pale aliyeweza kuchora kwa kompyuta mlima, mti au nyumba ikaonekana kama kitu cha kweli.

Shirika moja la kilimo lilitaka filamu fupi ya kuwafundisha wakulima wa upande wa Masinga kuchimba matuta ya kuzuia maji. Matuta yalipigwa picha bila shida. Ila hapakuwa na mvua ya kupiga picha, na shirika halikutaka kungoja mpaka Novemba.

"Ndanu, wewe tuwekee mvua," Muiruri alisema. "Uko na wiki mbili."

Akachora shamba la mteremko lenye matuta, mti mmoja na vilima kwa nyuma. Kisha akaongeza mistari myeupe iliyoteremka kutoka juu, yote kwa mwendo mmoja. Muiruri aliitazama akiwa amesimama. "Iko sawa. Mvua ni mvua."

Filamu ilionyeshwa Kivaa, huko Masinga, mchana mmoja wa Agosti, ndani ya kanisa, madirisha yakiwa yamezibwa kwa blanketi. Watu walitulia mpaka ilipofika sehemu ya mvua. Hapo mmoja akacheka, na kicheko kikaenea mpaka viti vya nyuma. Taa zilipowashwa, mama mmoja mkulima aliyeitwa Mutanu aliuliza ni nani aliyechora. Ndanu akainua mkono.

"Mwiitu," Mutanu akamwambia, kama mtu anavyomwambia binti yake, "hii mvua yako inanyesha na kivuli ya mti iko pale pale. Jua imetoka wapi?"

Ndanu akaushusha mkono, na Mutanu akaendelea.

"Na mchanga imekauka. Maji yote inaanguka, halafu inaenda wapi?"

Watu walicheka tena, ingawa Mutanu mwenyewe hakucheka. Njiani kurudi Machakos, Ndanu alitazama vivuli vya miti kando ya barabara. Alikuwa ameaibika, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mama yule alisema kweli.

Alitaka kuirekebisha mara moja, lakini alihitaji kuitazama mvua yenyewe, na mwaka huo mvua za vuli hazikuja. Fedha za mafunzo zikageuzwa kununua chakula cha msaada, na filamu ikawekwa kabatini. Ndanu aliendelea na kadi za harusi. Baadhi ya siku, wakati wa chakula cha mchana, alimwaga maji kwa debe lililotobolewa matundu kwenye udongo wa nyuma ya ofisi, akachuchumaa kuangalia. Askari wa jengo alimuuliza kama anapanda mboga. Akasema ndiyo, ili asiulizwe zaidi.

Novemba 2006 mvua ilikuja kwa nguvu, na shirika likakumbuka filamu yake. Ndanu aliomba ruhusa ya siku nne, akaenda Kivaa kwa Mutanu na kilo mbili za sukari.

"Umekuja kuangalia mvua?" Mutanu aliuliza. "Na huko Machakos hainyeshi?"

"Inanyesha, Mwaitu," Ndanu akajibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Lakini huko inanyeshea mabati na lami. Nataka kuiona kwa shamba."

Mutanu alimpa kigoda, akamwonyesha mahali pa kukaa, chini ya paa la ghala. Alasiri ya pili vilima vya mbali vilififia, kisha vikapotea kimoja baada ya kingine, kabla tone lolote halijafika uani. Upepo ukaja, na vumbi. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na machache, na kila moja lilirusha vumbi kidogo lilipogonga ardhi. Udongo ukawa na madoa meusi, madoa yakaungana, mwishowe shamba zima likageuka rangi. Hapo ndipo maji yalipoanza kutembea. Ndanu aliona kwamba matone yenyewe hayaonekani sana. Kinachoonekana ni mambo ambayo mvua imeyafanya: majani kuinama, gome la mti kung'aa, mifereji kujaa tope jekundu. Aliandika kurasa tisa.

Kazi ilimchukua miezi miwili. Aliondoa kivuli cha mti, akapunguza mistari ile myeupe mpaka karibu yote ikaisha, akaufanya udongo uloe polepole. Kompyuta ilihitaji dakika kumi na moja kutoa picha moja, na kila sekunde ilitaka picha ishirini na tano. Stima ilipopotea, picha iliyokuwa ikitengenezwa ilipotea nayo. Muiruri alinung'unika kwamba kompyuta haifanyi kazi nyingine yoyote, lakini hakumzuia. Mwishowe zikapatikana sekunde kumi na mbili.

Februari 2007 walirudi kwenye kanisa lile lile. Sehemu ya mvua ilipopita, hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyesifu. Mutanu alisimama, akanyoosha kidole.

"Hiyo tuta ya tatu itakatika. Maji imerundikana kwa kona. Nani alichimba hivyo?"

Jirani yake, Nzuki, akapinga: tuta liko sawa, tatizo ni mfereji wa juu. Wengine wakaingia, na ubishi ukaendelea karibu saa nzima juu ya kina, mteremko na mahali pa kupanda nyasi. Ofisa wa shirika aliacha kufundisha, akawa anaandika. Ndanu alikaa karibu na mlango akisikiliza. Mwanzoni alivunjika moyo kidogo kwamba hakuna aliyeitaja mvua. Baadaye hakujali tena.

Alifanya kazi na Muiruri mpaka 2009, akaacha, akafungua ofisi yake ya kuchora ramani za nyumba. Wateja wanapenda awaonyeshe nyumba zao kabla hazijajengwa, na wote wanataka zichorwe kukiwa na jua.