Nilivyopanda uyoga kwenye stoo ya mafaili

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Anayetaka kucheka acheke, nimeshazoea.

Mimi ni bwana shamba hapa Kigoma, kwetu Moshi. Mke na mtoto wako huko. Huu mwaka wa nne naomba uhamisho niwafuate, na kila nikiuliza naambiwa faili linashughulikiwa.

Sasa kule Kidahwe wanakokamua mawese kuna marundo ya mashada matupu ya chikichi. Wanayachoma tu, moshi mpaka barabarani. Mimi mtaalamu nikaona fursa: uyoga unakula nyuzi za mmea, takataka zinaisha, mboga inapatikana.

Nikakatakata mashada, nikachemsha, nikajaza mifukoni pamoja na mbegu ya uyoga.

Shida ikawa pa kuweka. Uyoga unataka giza na unyevu, na chumba changu Buzebazeba mchana ni kama jiko.

Nikakumbuka stoo ya masijala pale ofisini. Giza lipo, paa linavuja, na hakuna anayeingia.

Mama Riziki, mtunza mafaili, mama wa Ujiji mpole sana, akaniuliza, "Mwanangu, hicho kitu hakitakula karatasi?"

Nikamjibu, "Mama, hii ni sayansi."

Mtu mzima nilimjibu hivyo. Naona aibu mpaka leo.

Wiki ya tatu akaniita. Uyoga umetoka mifukoni, umepanda rafuni, mweupe, umenona. Karatasi nayo inatokana na mti, wakuu. Hilo nawafundisha wakulima kila msimu.

Mafaili yanayofanyiwa kazi yako kwenye makabati ya chuma, hayakuguswa. Rafuni yalitupwa yasiyo na haraka. La kwangu lilikuwa chini kabisa, halijawahi kufika kwa bosi.

Miaka minne ofisi nzima ililishindwa. Uyoga ukalishughulikia kwa wiki tatu.

Nikaandika barua ya kujieleza, na ombi jipya la uhamisho. Safari hii Mama Riziki kalipeleka mwenyewe mpaka mezani.

Nilichojifunza: usiambiwe faili linashughulikiwa ukarudi nyumbani kulala. Nenda ukalione. Na mama wa masijala akikuuliza swali, kaa chini umsikilize.

Wenye uzoefu wa uhamisho, nishaurini hapa chini. Ya uyoga msinifundishe.

Mke wangu nilimtumia picha ya lile faili. Limeliwa nusu, ila jina langu na maneno "kuifuata familia" bado yanasomeka.

Nilitegemea anicheke. Akanijibu, "Kumbe uliomba kweli."