Wafu Wawili wa Halali

Kwangu hapikwi samaki aliyefika mlangoni amekufa. Lazima nimwone mwenyewe akitapatapa kikapuni, akifungua mdomo na kufunga, ndipo nimwambie mkaza mwanangu haya, washa moto. Wananicheka. Wanasema nyanya amezeeka vibaya, anataka samaki amwamkie kwanza. Wacha wacheke. Wao hawakuwako miaka ile ya hamsini, Mzungu akiwa bado bwana wa nchi, watu wa nzige walipokuja Tana na sumu yao.

Kijiji chetu kilikuwa ukingoni mwa mto, juu ya Garsen, mwendo wa kutwa kwa mtumbwi ukishuka na maji. Tulilima mpunga, mahindi na ndizi, na sote tulikuwa Waislamu. Baba ndiye aliyekuwa mwalimu. Alisomesha watoto chuoni, akasalisha msikitini, akaosha maiti, na mtu akikwama na jambo asilojua hukumu yake alikuja kwetu, akaketi jamvini, akauliza. Baba hakuwa na ng'ombe wala duka. Mali yake ilikuwa neno lake. Akisema halali watu wanakula, akisema haramu wanatema.

Chuoni alitufundisha tuimbe hukumu za chakula ili tusisahau. Kila mnyama mpaka achinjwe, isipokuwa wafu wawili, samaki na nzige. Hao hata ukiwakuta wamekufa, ni halali yako. Tuliimba tukiyumba mbele na nyuma, na mimi nilipaza sauti kuliko wote, maana mwalimu ni baba yangu, nani ataniambia ninyamaze?

Mwaka ule mto ulishuka mapema na mpunga ukabaki mapepe. Kile kidogo kilichopona, wakaja nzige. Wakataga mchangani, tunutu wakatoka wakatembea wakila, na walipoota mbawa wakamaliza hata majani ya migomba. Tulipiga madebe mpaka mikono ikavimba. Wapi! Mama alisimama katikati ya shamba akawatukana kwa lugha zote alizozijua, nao wakaendelea kula.

Lakini nzige mwenyewe ni chakula, na nyanya yangu, mamake baba, aliwapenda kushinda nyama. Alikuwa akisema, "Amekula jasho langu, nami nitamla yeye. Hiyo ndiyo dia yake." Nyanya aliwajua. Nzige mwekundu bado mchanga, hana utamu. Ngoja akomae awe wa manjano, jike ajae mayai, hapo ukimkaanga kwa chumvi anatoa mafuta yake mwenyewe. Kila mwanamke kijijini alijua hivyo.

Ndipo tukasikia kuna watu wa nzige wamepiga kambi Garsen, wana malori, mapipa na ndege. Asubuhi moja hiyo ndege ikatokea kwetu. Ilipita chini juu ya msitu wa ng'ambo, mahali walipolala nzige, ikaacha nyuma yake kitu kama ukungu, ikageuka, ikapita tena. Sisi tulikimbia ukingoni tukaipungia mikono. Tuliishangilia, wajinga sisi! Tulisema serikali leo imetukumbuka.

Jua lilipopanda wanawake walivuka na vikapu. Chini ya miti nzige walikuwa wamelala marundo kwa marundo, wamekufa, na wote walikuwa wa manjano. Waliokuwa wekundu jana leo walikuwa wa manjano. Nani angejua kwamba ile rangi haikuwa yao? Wanawake walisema Mungu amewaivisha kwa siku moja. Hata hivyo waliogopa kidogo, kwa sababu hawakuwashika kwa mikono yao, waliwakuta tu. Wakaja kwa baba kuuliza.

Ilikuwa Alhamisi, na baba kila Jumatatu na Alhamisi alifunga. Namkumbuka amechukua nzige mmoja, amemgeuza kiganjani, amemnusa. Njaa ilikuwa imewakausha wale wanawake, na macho yao yote yalikuwa mdomoni pake. Akasema, "Nzige mfu ni halali. Kuleni, mle na wanenu." Hakukosea. Kitabuni ndivyo ilivyo hadi leo, ila kitabu hakikuandika habari za ndege.

Mama alikaanga sufuria nzima. Bakuli moja aliliweka kando na kulifunika kawa, la kufuturu yeye na baba, maana siku za saumu ya baba yeye hakula mbele yake. Mimi nilikula kiganja kimoja nikatapika pale pale mlangoni. Nina tumbo bovu tangu utotoni, na kwa hilo sijawahi kumlaumu Mungu. Nyanya alikula akashiba. Alilamba vidole, akacheka, akaniambia, "Wewe huna bahati, mjukuu wangu."

Alasiri haijaingia alianza kutokwa na jasho, likamtiririka kama aliyemwagiwa maji. Akaomba maji. Akanywa mtungi, akaomba tena. Mwili ulimwaka mpaka mama akawa hawezi kuushika mkono wake, na pumzi ikamwenda mbio kama mtu aliyefukuzwa na kiboko. Tulipotoka nje kuita watu, tukasikia vilio nyumba ya pili, ya tatu, mpaka mwisho wa kijiji. Jua halijatua nyanya alikata roho. Alikufa pia mke wa jirani yetu mvuvi, akamwachia mumewe mtoto anayenyonya, na wengine ambao siwezi kuwataja bila kulia.

Mama alimwosha nyanya. Viganja vyake vilikuwa vya manjano. Mama alisugua kwa sabuni, akasugua kwa jivu, haikutoka. Tulimzika hivyo.

Kaburini, udongo haujakauka, nikasikia sauti nyuma yangu. "Mwalimu mwenyewe hakula." Mwingine akajibu, "Wala mkewe." Na yule mvuvi, jirani tuliyeazimana naye chumvi na moto miaka yote, akasema kwa sauti ya kusikika, "Alijua." Basi, likawa neno la kijiji. Alijua. Lisemwalo lipo! Ati amewatoa watu kafara. Amemtoa nani? Mama yake mzazi? Lakini mwenye msiba anatafuta wa kumshika shati, na ile ndege haina shati. Namfahamu yule mvuvi, alibaki na kichanga kinacholilia titi. Kumfahamu si kumsamehe.

Ijumaa baba alisogea mbele kusalisha, akageuka kutazama safu. Nyuma yake palikuwa na mkeka mtupu. Watu walisimama pembeni, wakamsukuma mbele kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wa baba mwenyewe. Baba alirudi nyumbani akaketi. Hakulia, hakujitetea. Watoto wakatolewa chuoni mmoja mmoja mpaka nikabaki mimi kusoma peke yangu. Nilimkasirikia baba kuliko nilivyowakasirikia wao. Nilitaka apige kelele.

Mama ndiye aliyekasirika kwa niaba ya nyumba nzima. Alichukua lile bakuli la futari lililokuwa bado limefunikwa, akanishika mkono, tukaingia mtumbwini tukashuka Garsen. Kambini tuliwakuta vibarua wakibingirisha mapipa, na mikono yao ilikuwa ya manjano mpaka viwiko. Mama aliwatazama mikono, akanitazama mimi. Akaenda moja kwa moja kwa Mzungu mkuu wa kambi.

Alimweleza yote. Yule bwana, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, alisema hiyo ni dawa ya nzige, haiui watu, wetu wamekufa homa. Tena, akasema, ilitangazwa Garsen sokoni, siku ya mnada wa ng'ombe, watu wasilishe mifugo inakopita ndege wala wasiokote chochote. Kila mtu alisikia.

"Sisi hatuna ng'ombe, bwana," mama akamwambia. "Mnadani tutafuata nini?"

Kisha akafunua kawa na kumsogezea bakuli. "Umesema haiui watu. Haya, kula."

Yule mtu alirudi nyuma hatua, akaweka mikono mgongoni. Kibarua mmoja aliyekuwa karibu akapiga kelele, "Mama, mwaga hiyo! Usimshikishe mtoto!" Mama akasema anataka jambo moja tu, bwana aje kijijini arudi nyuma vivyo hivyo mbele ya watu, wamwone. Bwana akaita askari. Tulitolewa kama mbuzi walioingia jikoni.

Mama aliyasimulia hayo pale wanawake wanapochota maji. Wakamsikiliza, wakajitwika mitungi. Mmoja akamwambia mwenzake, "Ulitaka mke amsemee nini mumewe?" Mama alirudi nyumbani akavunja lile bakuli.

Mwaka uliofuata nzige wakarudi, na njaa ikarudi nao, na ndege pia. Safari hii ilimwaga sumu yake juu ya miti iliyozunguka ziwa letu, lile dimbwi kubwa ambalo mto huliacha nyuma ukipungua. Kesho yake kambare na perege walielea, matumbo juu, ziwa jeupe. Ndege wa majini waliowadonoa walikuwa wakipepesuka kandokando. Watu wakasimama na vikapu vyao, wakiwa na njaa, wakatazamana. Yule kijana msalishaji alipoulizwa alisema hilo ni kubwa kwake, wakamuulize mwalimu.

Basi wakaja. Baada ya mwaka mzima wa kupita mlangoni petu bila salamu, walikuja wakajaa uani, na mbele yao yule mvuvi na kikapu cha samaki. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Mvuvi hakumtazama baba usoni. Akauliza, "Mwalimu, samaki hawa wamekutwa wamekufa. Ni halali?"

Baba alikitazama kikapu. Kisha akauliza, "Leo siku gani?"

"Jumanne, Mwalimu."

"Basi leo sikufunga," baba akasema. "Samaki mfu ni halali. Mke wangu, tia moto hapa hapa uani. Nitakula wa kwanza, na nyote mnione."

Mama hakusogea. Baba akainuka mwenyewe, akachochea makaa, akamtoa kambare mmoja kikapuni, akamweka juu ya moto bila hata kumpasua. Ngozi ilipoanza kukunjamana akanyofoa mnofu, akasema bismillahi, akaupeleka mdomoni. Mimi nikapiga yowe.

Mvuvi aliruka akamshika mkono. "Usile, Mwalimu! Wana sumu ya ndege! Utakufa!"

Baba akautazama ule mkono uliomshika. Akasema polepole, "Kumbe unajua."

Mvuvi akamwachia.

"Tangu lini?"

Yule mtu alikaa chini mavumbini, mtu mzima. Akasema, na watu wote wakasikia, kwamba mwaka jana alikuwa Garsen kuuza samaki wakavu siku ile ya mnada. Alisikia wakitangaza watu wasiokote kitu msituni ndege ikipita. Alidhani ni maneno ya wenye ng'ombe, hayakumhusu. Akarudi nyumbani, hakumwambia mtu. Hakumwambia mkewe. Watu walipokufa ndipo akaelewa, akaona aibu kusema.

Akalia. Wengine wakalia naye. Mama ndiye aliyekusanya vile vikapu, akachimba shimo kwa jembe, akawazika samaki wote, na hakuna aliyemsaidia. Kule Garsen hakwenda mtu tena kuuliza. Ndege ilipita siku mbili baadaye, na wale wa kambini hadi wanaondoka hawakujua hata jina la kijiji chetu.

Ijumaa wazee walikuja na kanzu zao safi kumtaka baba radhi. Walisema mbele ni pake, wamekosa, asamehe, arudi awasalishe. Mimi nilikuwa nimeshatoa kanzu yake sandukuni, nimeikunjua, nimeifuta. Nilifurahi, wallahi, nilidhani yamekwisha.

Baba aliwapa radhi yao. Kisha akasema, "Mwendeeni aliyejua, awasalishe yeye."

Nikaikunja ile kanzu nikairudisha. Haikutoka tena mpaka siku tulipomzika baba nayo.