Mbeti Ndani ya Chumba cha Baridi

Mbeti alifuma sweta za shule katika soko la Jericho, na hakuna kazi mbaya zaidi kwa mwanamke ambaye mwili wake umegeuka jiko. Saratani ya titi ilikuwa imeshatibiwa. Titi la kushoto lilikatwa, dawa kali za kemo zikafuata, na sasa alikuwa akimeza tembe za kuzuia homoni ambazo daktari alisema zingemletea "joto kidogo." Kidogo! Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likamfika utosini penye nywele mpya laini kama za mtoto mchanga, naye amepakata rundo la sufu.

Mambo ya chumbani daktari hakuyagusa. Hedhi ilikoma, hamu ikapotea, na siku yeye na mumewe Wanyoike walipojaribu, alihisi kama anapigwa msasa. Akapiga yowe. Wanyoike, fundi wa vitanda mwenye mikono mipana, aliruka akaangukia kikapu cha nguo. Tangu hapo akawa analala ukingoni kabisa mwa kitanda, kama abiria asiyelipa nauli. Mbeti akajiambia ni kovu linamchukiza. Hakuuliza.

Kimbilio lake likawa kwa Abukar, muuzaji wa samaki na kuku wa barafu, mwenye chumba cha baridi nyuma ya duka. Siku moja Abukar alimkuta ameegemea friji yake akitweta, akamfungulia mlango. "Ingia, mama. Lakini ukiganda nitakuuza." Basi kila joto lilipompanda, Mbeti alivuka uchochoro, akaingia, akafungua blauzi, akakaa juu ya katoni ya tilapia. Alitoka akifunga vifungo, uso unang'aa, akishusha pumzi ya raha.

Jacky, muuza mitumba wa ng'ambo ya uchochoro, hakuhitaji ushahidi mwingine.

Umbea ulipomfikia Mbeti mwenyewe, alicheka hadi uzi ukakatika mashineni. Yeye? Na mpenzi? Jioni hiyo alinunua rangi ya mdomo. Ilimfurahisha kwamba kuna mtu duniani aliyeamini bado anaweza.

Wanyoike hakucheka. Alifika dukani na nyundo mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Ndani, na kuku," Abukar akasema.

Wanyoike akampita, akasukuma mlango. Abukar, aliyekuwa akiwaza bidhaa yake tu, akaufunga nyuma yake ili barafu isiyeyuke.

Mbeti alikuwa juu ya katoni, blauzi wazi, akijipepea kwa kifuniko cha boksi.

"Yuko wapi?" Wanyoike akafoka.

"Nani?"

"Abukar!"

"Si umempita kwenye kaunta?"

Wanyoike akafikiri. Ilikuwa kweli. Akaiweka nyundo juu ya mabawa ya kuku.

"Sasa huku unakuja kufanya nini?"

"Kupoa, Baba Njoki. Naungua. Na wewe ulivyolikimbia kovu langu, ningekwambia vipi?"

"Kovu?" Meno yake yalikuwa yameanza kugongana kwa baridi. "Nilisikia ulivyolia. Nilidhani nimepasua kitu ndani! Naogopa kukuumiza, Mama Njoki."

"Iliuma. Lakini sikukwambia uhame."

Wanyoike, akitetemeka, akamsogelea. Mbeti alikuwa moto kama mkate uliotoka tanurini, akamwacha ajikunyate pale kifuani, upande ule ule uliokatwa. Walikaa hivyo hadi Abukar alipochungulia.

"Jamani, samaki wangu wameona ya kutosha."

Kliniki walikwenda pamoja. Muuguzi Shamis, mdogo kiasi cha kuwa binti yao, aliwatazama usoni. "Ukavu huo unaletwa na dawa. Maumivu si ya kuvumilia. Wagonjwa wanaona haya kusema, na sisi mara nyingi hatuulizi." Akawaeleza: jeli ya kulainisha, ya maji, isiyo na manukato, bila haraka, na ikiendelea kuuma warudi wamwone daktari. Tena mapenzi yana njia nyingi, akasema. Kukumbatiana nako ni mapenzi.

"Mafuta ya kupikia je?" Wanyoike akauliza.

"Hapana, baba."

"Hata ya nazi?"

"Baba. Jeli ya maji."

Kemisti ya Donholm ilikuwa na foleni, na nyuma ya Wanyoike alisimama Mzee Ngigi wa kanisani. Wanyoike akanong'ona. Muuzaji hakusikia. Akanong'ona tena.

"Jeli ya nini?"

"Ya kitanda!"

"Kitanda kinalia?" Mzee Ngigi akaingilia kwa huruma. "Si wewe ndiye fundi?"

Jumamosi mchana, binti yao Njoki akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Wanyoike alimimina nusu ya chupa. Wakateleza, wakacheka hadi jirani akagonga ukuta, wakaishia kubadilisha shuka. Wiki iliyofuata walijaribu tena, taratibu, Mbeti akisema hapa ndiyo, hapo ngoja. Haikuwa kama zamani. Hamu yenyewe ilikuja siku moja na kutoweka tatu. Lakini ilikuwa sawa, na kwa muda mrefu hawakuwa wamepata hata hiyo sawa.

Kisha Wanyoike akaenda kuchemsha chai, akiimba, akasahau kutia majani.