Ini la Binti wa Mwenye Bucha

Nina bucha Kitengela, na nyama yangu hutoka kichinjio cha Kajiado. Maini niliyoshika kwa mikono hii hayana idadi. Pale kichinjioni, mkaguzi akipasua ini akakuta uvimbe, hahangaiki kukata kipande. Analitupa lote, na hakuna wa kumbembeleza.

Binti yetu ana miaka mitatu. Tumbo lake tulilisifu miezi mingi tukidhani ni shibe, kumbe ni kansa ya ini. Baada ya miezi kadhaa ya dawa, siku ya Jumatatu, katika hospitali moja Nairobi, daktari wa upasuaji, mama mpole asiye na haraka, alituambia kuwa dawa zimepunguza uvimbe, na sasa Alhamisi atakata sehemu iliyougua aache iliyo nzima. Niliona ananidanganya.

"Daktari, ini ikiharibika imeharibika," nikamwambia. "Hiyo kazi naijua."

"Unajua ya ng'ombe amekufa," akasema. "Hii iko hai. Na ya mtoto hukua tena."

Nilitoka nje bila kusaini fomu, nikazunguka ua mpaka askari wa lango akaniuliza kama nimepoteza kitu. Siku tatu nilikuwa hivyo: nafungua bucha, nafunga kabla ya saa sita, nakimbia wodini, nako sikai. Nikikubali, huenda wakampasua mtoto wangu bure. Nikikataa, uvimbe utamuua. Mke wangu hakunisukuma. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Shida ni kwamba sikio lilikuwa langu, na wa kufa alikuwa mtoto.

Jumatano jioni nikamwambia, "Haya. Waambie nimekubali." Akaitikia kwa kichwa tu.

Alhamisi asubuhi wakamwingiza thieta. Nilienda msalani mara sita, nikanunua chai nikaiacha ipoe, nikasoma kila tangazo lililobandikwa ukutani. Saa tisa mchana daktari akatoka, barakoa ikining'inia kidevuni. Uvimbe umetoka wote, akasema. Ini lililobaki ni dogo, lakini linatosha. Nikakaa sakafuni, nikalia mbele ya watu.

Mke wangu akachuchumaa kando yangu.

"Ile fomu nilisaini Jumatatu," akasema. "Walikuwa wanataka mzazi mmoja tu."

"Na kama ningekataa?"

"Ungekataa ukiwa Kitengela. Sisi tungekuwa hapa."