Mama Giza na Mayai ya Mwenyekiti

Gari la kampuni ya umeme lilipovuka daraja, kijiji kizima kiliacha dhambi. Redio zilinyamaza, feni zikasimama, na jokofu la dukani likageuka kabati la viatu. Mgeni aliyepewa lifti njiani alishangaa.

"Huku watu hawapendi umeme?"

"Wanaupenda mno," alijibu mwanamke aliyeshika usukani, mkaguzi wa mita. "Wasiyempenda ni mimi."

Walimwita Mama Giza. Siku za kusimika nguzo walimpokea kwa vigelegele. Tangu apewe kazi ya kunasa wezi wa umeme, hata mashemeji zake humkaribisha kwa mshumaa. Hakulalamika. Mkaguzi anayependwa, alisema, huyo naye akaguliwe.

Wa redio wangesubiri zamu yao. Leo aliitwa na mwenyekiti wa kamati ya mtambo wa umeme wa kijiji, mtu mwadilifu kiasi kwamba alishamjua mwizi kabla ya uchunguzi: jirani yake, mama mshonaji. Umeme ulipotelea kwenye waya uliolisha nyumba zao mbili tu, na mita ya mwenyekiti ilikuwa haisogei. Basi nani mwingine? Mama yule akikatiwa umeme, cherehani inakufa, na cherehani ndiyo iliyolisha watoto wake.

"Mkatie leo leo, dada," alisema mwenyekiti. "Mimi sina kinyongo naye. Ni sheria tu."

"Sheria haina haraka, kaka. Chai ipo?"

Mshonaji aliambiwa azime swichi kuu, aje akae nao sebuleni. Alikuja midomo imemkauka. Simu ya Mama Giza ilisoma mita ya nguzoni, inayopima waya wa nyumba zote mbili: sifuri. Nyumba zote mbili takatifu.

Mwizi wa umeme huvumilia ziara fupi. Anachomoa waya, anatabasamu, anangoja vumbi la gari. Kwa hiyo Mama Giza hukaa. Alisifu mapazia. Aliulizia wakwe, mmoja mmoja, pamoja na marehemu. Akaomba kikombe kingine, akakipuliza kama mtu aliyestaafu.

Mwenyekiti alianza kutoka jasho. Kila mara aliutupia jicho mlango wa chumba cha nyuma, kama baba aliyezuiwa nje ya wodi ya wazazi.

"Barabara ni mbaya, dada. Usije ukachelewa."

"Usijali. Nikichelewa nalala hapa hapa."

"Ngoja nikaangalie mbuzi," akasema, akachomoka.

Hakuwa na mbuzi. Ile sifuri kwenye simu ikaruka juu, huku mita ya mwenyekiti ukutani ikiendelea kusinzia. Mama Giza akaweka kikombe chini, akamfuata chumbani. Waya ulitoka nguzoni moja kwa moja, ukaikwepa mita, ukaingia kwenye mashine ya kutotolea vifaranga. Mayai yalikuwa yamejipanga humo kama wajumbe wa kamati.

"Wangekufa kwa baridi!" mwenyekiti alilia. "Ni viumbe hai, dada!"

"Najua. Ndiyo maana nimekunywa chai polepole."

Akaukata waya, akauviringisha begani. Mshonaji, ambaye midomo yake sasa ilikuwa imepata maji, aliita kutoka sebuleni:

"Lete mayai kwangu, jirani! Umeme wangu unapita kwenye mita!"

Mgeni hakurudi garini. Chumba alichoahidiwa kilikuwa kwa mwenyekiti yule yule. Mama Giza akawasha gari peke yake. Kwenye kioo aliwaona mgeni na mwenyekiti wakivuka ua, mmoja huku mwingine kule, wamebeba mashine kwa hadhari kubwa, na mshonaji mbele akiwafungulia mlango. Hajafika darajani, redio zikaanza kuimba.